Jumamosi nane za jembe na sala: tathmini ya mafunzo ya bustani huko Goba

Mwezi Machi 2025 nililipa shilingi 80,000 ili nifundishwe kupanda mchicha, jambo ambalo marehemu mama yangu angelicheka hadi ashike mbavu, kwa kuwa yeye alikuwa tayari kunifundisha bure nilipokuwa na miaka saba, nami nikatorokea uwanjani kucheza mpira. Mafunzo hayo yanaendeshwa na kikundi kidogo cha waumini katika kiwanja cha kanisa huko Goba, na yanatangazwa kuwa ni mafunzo ya bustani na tafakari kwa watu waliochoka rohoni. Sitakitaja kikundi hicho kwa jina, maana ni watu tunaokutana nao sokoni na misibani, na baadhi ya niliyo nayo ya kusema hayatawapendeza. Hata hivyo naona yafaa kuandikwa, kwa sababu matangazo ya semina za kiroho hapa Dar es Salaam ni mengi mno, lakini ni nadra mtu aliyehudhuria kueleza baadaye alipata nini na alikosa nini.

Nieleze kwanza hali niliyokwenda nayo, ili msomaji ayapime maneno yangu ipasavyo. Mimi ni mhasibu katika ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari, na kwa miaka sita nimekuwa mtunza hazina wa mtaa wetu wa kanisa kule Kimara. Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba mtunza hazina husikiliza mahubiri huku jicho moja likiwa kwenye bahasha. Nilikuwa nimefika mahali ambapo sala yangu ya asubuhi ilifanana na taarifa ya fedha ya robo mwaka: mapato, matumizi, madeni, na ombi la nyongeza mwishoni. Wala sikuwa na upungufu wa mafundisho. Nilikuwa na redio ya injili ndani ya gari, kesha kila mwisho wa mwezi, semina za neno la Mungu ambazo sikuzikosa hata moja, na makundi manne ya WhatsApp yanayotuma mstari wa siku kabla sijaamka. Mke wangu ndiye aliyeniandikisha. Aliniambia tu, “Mume wangu, nenda ukashike udongo, maana humu ndani unashika simu.”

Kiwanja chenyewe hakina fahari. Ukishuka kwenye daladala inayotoka Mbezi Mwisho unatembea kama dakika kumi kwenye barabara ya vumbi, ambayo mvua ikinyesha huwa barabara ya tope, hadi kwenye uzio wa mabati; ndani yake mna kanisa ambalo bado halijaezekwa, miembe miwili, mwarobaini mmoja, tangi la maji la lita 5,000, na matuta. Tulikuwa watu 22, na kila mmoja alipewa tuta lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tatu, likawa lake kwa Jumamosi zote nane, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita mchana. Ratiba ilitaka tuanze kwa wimbo na Neno kwa dakika ishirini, tufuate somo la kilimo kwa vitendo, tunywe chai, tukae kimya kwa nusu saa kila mtu kando ya tuta lake, kisha tufanye kazi hadi mwisho. Awamu yetu ilianza tarehe 1 Machi na kumalizika tarehe 19 Aprili, siku moja kabla ya Pasaka, kwa hiyo iliikumba karibu Kwaresima yote, na nusu yake ya kwanza ikaangukia pia katika mwezi wa Ramadhani, jambo ambalo lilikuwa na uzito wake kama nitakavyoeleza.

Somo la kilimo liliongozwa na bwana shamba, kijana wa umri wa miaka kama thelathini na mitano ambaye ni Mwislamu, na ambaye waandaaji walimkodi kwa sababu, kama mmoja wao alivyokiri bila haya, kanisani kwao hakuna mtu anayeujua udongo. Jumamosi ya kwanza alitugawia chupa tupu za maji ya kunywa, akataka kila mtu ajaze udongo wa tuta lake hadi theluthi ya chupa, aongeze maji karibu na shingo, afunge, atikise kwa nguvu, kisha aiweke chini asiiguse tena. Mchanga ulizama mbele ya macho yetu kabla hatujamaliza kufuta mikono. Juu yake likatua taratibu tabaka jembamba la udongo laini, na maji yaliyobaki yakaendelea kuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu chembe za mfinyanzi hazina haraka ya kutua. Juu kabisa vilielea vipande vichache vya majani na mizizi. Alipofika kwangu alichuchumaa, akayapima matabaka kwa vidole vyake.

“Mzee, huu wako karibu wote ni mchanga,” alisema. “Maji unayomwaga saa moja asubuhi, saa tano hayapo. Yameshashuka chini kuliko mizizi, na chakula cha mmea yameondoka nacho.”

Nikamuuliza kama basi yafaa nimwagilie mara tatu kwa siku.

“Ukimwaga mara tatu utapoteza mara tatu. Shida ya udongo huu si maji, mzee. Hauna cha kuyashikia. Utie mboji.”

Udongo wa kichanga si ajabu katika ukanda wetu wa pwani, na pengine maneno hayo huyarudia kwa kila mtu anayefika na chupa yake. Lakini nilirudi Kimara nikiwa nayo kichwani, na sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Redio, kesha, semina na yale makundi manne yote yalikuwa maji, tena maji safi, nami kwa miaka sita nilidhani dawa ya ukavu wangu ni kuongeza ndoo. Kama mafunzo yangeishia siku hiyo, ningesema fedha yangu imerudi.

Mboji tuliijenga Jumamosi ya pili, na naomba kuieleza kwa urefu kwa sababu humo ndimo thamani ya mafunzo yote ilimolala. Chini kabisa tuliweka vijiti vikavu ili hewa ipite. Juu yake tabaka la majani makavu ya mwembe na maranda ya mbao. Juu yake tabaka la nyasi mbichi pamoja na maganda ya ndizi na viazi ambayo kila mtu aliagizwa kuja nayo kutoka jikoni kwake. Kisha samadi kidogo ya ng'ombe, majivu ya kunyunyiza tu, na maji. Halafu tukaanza upya tabaka la kwanza, hadi lundo likatufika kifuani. Bwana shamba alitufundisha kupima unyevu kwa kuminya konzi moja: yatoke matone mawili matatu, yasitiririke. Mwishowe alichomeka fimbo ndefu kwa mshazari hadi katikati ya lundo, akalifunika kwa magunia, akasema fimbo ile ndiyo itakayotusimulia habari za ndani.

Wiki moja baadaye aliichomoa, akaipitisha mikononi mwetu. Ilikuwa ya moto, si vuguvugu, moto wa mpini wa sufuria iliyosahaulika jikoni, na ilikuwa imelowa na kunuka kama msitu baada ya mvua. Lundo lililojengwa vizuri hupita nyuzi joto 50 ndani yake, kwa sababu ya wingi wa vijidudu vinavyolila, na joto hilo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Fimbo ikitoka baridi, kazi imesimama. Ikitoka kavu, ongeza maji. Hakuna aliyehubiri wakati fimbo ikipita, na nadhani ni kwa sababu kila mmoja alikuwa anajiuliza, kama mimi, angekuta nini kama mtu angemchomeka fimbo ya namna ile.

Jumamosi ya tano tulilipindua lundo. Nilikuwa nimeleta ndoo ndogo ya maganda ya ndizi, nikawa nayatafuta huku nachimba kwa uma, na sikuyaona. Palikuwa na kitu cheusi chenye mvuke ambacho usingeweza kusema kilitoka jikoni kwa nani. Hapo ndipo lilinijia jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka 2022 niligombana na mzee mwenzangu wa kanisa kwa ajili ya risiti za saruji ya ujenzi, na kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya haki. Tangu hapo tulikuwa tunapeana “Bwana Yesu asifiwe” na kupita. Jambo hilo nilikuwa nimelihifadhi vizuri mno, kwenye faili, pamoja na nakala zake, na kitu kikavu kilichohifadhiwa vizuri hakiozi hata kwa miaka hamsini. Jioni ile nilimpigia simu. Tuliongea kwa dakika nne, zaidi kuhusu foleni ya Morogoro Road, na risiti hatukuzitaja. Jumapili iliyofuata alikuja kukaa benchi langu.

Ni lazima niongeze kwamba lundo lile hatukulitumia. Hata kwa joto letu mboji huhitaji kama miezi miwili au mitatu kuiva, na mafunzo yanakwisha kabla yake. Mboji tuliyotia kwenye matuta yetu ilitengenezwa na watu wa awamu iliyotangulia, ambao hatuwajui, na yetu tuliwaachia watakaokuja. Baadhi ya wenzangu waliliona hilo kuwa kasoro ya ratiba. Mimi nililipenda, ingawa nakiri kwamba waandaaji hawakulipanga kwa makusudi. Wiki zao nane tu hazitoshi.

Sasa nifike kwenye yasiyopendeza. Mwinjilisti anayeongoza mafunzo ni mtu mwema. Kufikia Jumamosi ya pili alikuwa anatuita wote 22 kwa majina, na mwenzetu mmoja alipolazwa alikwenda kumtazama kabla ya ndugu zake wengine kufika. Lakini hawezi kunyamaza. Zile dakika ishirini za Neno hazikuwahi kuwa ishirini. Jumamosi ya nne nilizipima kwa saa yangu zikawa 55, wakati jua linapanda na miche iliyokuwa kwenye vikopo inanyauka tukiitazama. Tena kila kifaa lazima kipewe maana. Jembe lilikuwa Neno, keni ya kumwagilia ilikuwa Roho Mtakatifu, reki ilikuwa toba, na kabla ya chai hata toroli lilikuwa limepata fumbo lake, ambalo nimelisahau. Mtu anayefundisha hivi hujinyang'anya mwenyewe bidhaa anayoiuza, kwa maana watu waliokuja wakiwa wamejaa maneno hadi pomoni wanamwagiwa mengine, kwenye mchanga uleule, na mwalimu wa udongo amesimama pembeni na jembe lake akisubiri zamu.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu samadi. Mboji ya awamu iliyotangulia haikutosha matuta yote, kwa hiyo Jumamosi ya tatu, siku ambayo bwana shamba alikuwa na udhuru, waandaaji walileta magunia ya samadi ya kuku na kutuagiza tuitie kwenye mashimo tuliyopandikizia nyanya na sukuma wiki. Mama mmoja wa Salasala aliyekaa tuta la jirani yangu aliuliza kama samadi hiyo imeiva, akajibiwa kuwa imetoka kwa mfugaji mzuri, jibu ambalo halikuwa jibu la swali lake. Samadi ya kuku ina nguvu kuliko ya ng'ombe, na ikiwa mbichi huunguza mizizi. Inahitaji kulala miezi kadhaa kabla haijaguswa na mche. Tuliporudi baada ya wiki moja majani ya nyanya yalikuwa na kingo za kahawia, yamejikunja kama kitambaa kilichopigwa pasi kali mno, na sukuma wiki ilikuwa imelala chini. Matuta kumi na manne kati ya 22 yaliharibika, langu likiwamo.

Mwinjilisti alisimama akatuambia kwamba Mungu wakati mwingine huruhusu tuunguzwe ili tuimarike, akasoma Luka 13, habari za yule mtunza shamba anayeuombea mtini mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutilia samadi. Niliinamisha kichwa, na haikuwa kwa unyenyekevu. Mtunza shamba wa Luka, kwa kadiri niwezavyo kumfahamu, ni mtu wa kazi, na sidhani kwamba angeutilia mtini wake samadi ya juzi. Kosa la waandaaji lilikuwa limegeuzwa fundisho letu, na sadaka ya kununulia miche mipya ikatangazwa papo hapo.

Bwana shamba alifika wakati wimbo unaimbwa. Alipiga magoti kwenye tuta la yule mama, akafukua konzi moja, akainusa, akasema polepole, “Hii haijalala hata mwezi.” Kisha akasimama, akatuomba radhi sote. Yeye hakuwapo siku ile, hakuinunua samadi ile, wala hakuulizwa. Alisema tu kwamba somo la kilimo ni lake, kwa hiyo kosa ni lake, na angepaswa kuacha maelekezo. Baada ya hapo alituonyesha la kufanya: kuondoa samadi kwa mikono kuizunguka miche iliyobaki, kumwaga maji mengi ili kuiosha nguvu yake, na kuliacha tuta bila mbegu yoyote kwa wiki moja. Nimehudhuria mafundisho mengi kuhusu toba, mengine yakiwa na vitini vyenye kurasa kumi na mbili. Sikumbuki lolote kati yake kama ninavyokumbuka magoti ya suruali ya kijana yule yakiwa na tope.

Nimelifikiria pia jambo la samadi mbichi kwa upande mwingine. Makanisani kwetu tumezoea kumchukua mtu aliyemaliza darasa la ubatizo juzi, angali na moto wake wote, na kumpa uenyekiti wa kamati mbili na uweka hazina wa ya tatu, kisha baada ya mwaka tunashangaa kwa nini haonekani. Mimi mwenyewe nimewateua watatu wa namna hiyo.

Baada ya wiki ya kusubiri tulipanda matembele. Tulikatiwa marando yenye urefu wa kama sentimita 30, tukayapukutisha majani ya chini, tukayalaza kwenye udongo ili vifundo viwili vitatu vifunikwe. Atakayepanda tembele kwa mara ya kwanza na aonywe: siku ya pili litalala, siku ya tatu majani yatakuwa kama mboga iliyokwisha kupikwa, na utaamini limekufa. Kwenye vifundo vile, chini, mizizi inaanza kutoka. Niliambiwa nisiling'oe kuangalia, nikaahidi, na Jumatano baada ya kazi nilipita Goba nikang'oa moja. Halikuwa na kitu. Nililirudisha haraka kama mwizi, na hilo ndilo pekee lililokufa. Mengine kumi na moja, ambayo sikuyapeleleza, yalinyanyuka kabla ya Jumamosi.

Mchicha haukuguswa na mkasa wa samadi kwa kuwa ulikuwa kwenye nusu ya pili ya tuta, yenye mboji. Mbegu zake ni ndogo kuliko kichwa cha pini, hivyo tulizichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane tunapozimwaga kwenye mistari, na hata hivyo zilirundikana. Wiki mbili baadaye tulitakiwa kupunguza miche, na hapo nilipata shida ambayo wakulima watanicheka. Miche yote ilikuwa mizima. Katika Biblia yetu ya Kiswahili, sura ya 15 ya Injili ya Yohana inasema tawi lisilozaa huondolewa, na lile lizaalo Mkulima hulisafisha ili lizidi kuzaa, na kwa miaka yote nilisoma neno hilo nikidhani linahusu uchafu. Mchicha wangu haukuwa na uchafu wowote. Ulikuwa na msongamano. Nilikuwa mjumbe wa kamati nne wakati ule. Sasa nimebaki na mbili, na kundi moja la WhatsApp, na hakuna kilichoanguka kanisani kwa sababu ya kutokuwapo kwangu, jambo ambalo kwa muda lilinichoma kidogo.

Ziara ya Jumamosi ya sita kwenye Bustani ya Mimea ya mjini, ile iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 na ambayo wengi wetu huipita tukielekea Makumbusho ya Taifa bila kugeuza shingo, ilikuwa nzuri, ingawa tulitozwa shilingi 10,000 za basi ambazo hazikutajwa tulipojiandikisha. Mna humo mnazi wa Shelisheli, ambao mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote duniani, na tunda lake huchukua kama miaka sita au saba kukomaa mtini. Mtu aliyetoka kuvuna mchicha wa wiki nne akisimama chini ya mti huo anajiona ana pupa. Tulikaa pale muda mfupi mno, kwa sababu mwinjilisti alikuwa na neno la kusema kuhusu ukubwa wa mbegu.

Kilichonitengeneza zaidi, nikiacha mboji, ni ile nusu saa ya kimya. Haikuwa kimya halisi. Nyuma ya uzio kuna fundi seremala mwenye mashine ya kupasua mbao, na bodaboda hazikomi. Jumamosi za kwanza nilitumia nusu saa hiyo kupanga kazi za wiki. Jumamosi za Ramadhani alizokuwapo, wakati sisi tunakwenda kwenye chai, viazi vitamu na magimbi, bwana shamba alikuwa amefunga, naye alikaa chini ya mwarobaini akichambua mbegu za mlenda kwenye ungo, bila haraka na bila kutufanya tujione walafi. Kwaresima yetu wengi wetu tuliisema tu. Wiki ya nne mama wa Salasala aliacha kunywa chai, akachukua ungo wa pili akaenda kukaa upande wa pili wa mti. Wiki ya tano tulikuwa saba. Hakuna aliyepanga wala kulitangaza jambo hilo, na mwinjilisti, kwa heshima yake niseme, safari hii hakulitolea mfano.

Jumamosi ya mwisho mwinjilisti hakuja, kwa kuwa alihitajika kwenye maandalizi ya ibada za Pasaka, akamwachia binti mmoja wa kwaya asome tu. Binti alisoma Yohana 20, pale Mariamu Magdalene anapogeuka akamwona Yesu amesimama, akadhani ni mtunza bustani. Alisoma kwa dakika nne, akafunga kitabu, akakaa. Tukaenda kila mtu kwenye tuta lake. Nilikuwa na kazi ya kuvuna mchicha wa mwisho, nikawa nang'oa, nakung'uta udongo, nafunga mafungu, na kwa muda ambao siwezi kuukadiria sikuwa na orodha yoyote kichwani. Niliposhtuka mikono ilikuwa imesimama na nilikuwa nasema “asante”, kwa sauti, kama mtu anayezungumza na jirani wa tuta linalofuata.

Kwa anayefikiria kujiandikisha, haya ya kawaida nayo ayajue. Choo ni kimoja kwa watu wote. Hakuna kitini chochote, kwa hiyo nenda na daftari. Chai ni nzuri kupita kiasi cha ada, hasa ya mchaichai unaokatwa palepale. Upungufu ambao waandaaji wanapaswa kuurekebisha haraka ni kwamba mafunzo yote yanadhani mtu ana kiwanja, ilhali nusu ya kundi letu walikuwa wapangaji wa chumba na sebule. Somo la kupanda kwenye viroba na ndoo zilizotobolewa lilipewa dakika kumi za mwisho, watu wakiwa wamekwisha kunawa mikono. Wanaotafuta mafundisho ya Biblia yaliyopangika watakereka, na wanaotaka kilimo cha biashara watapoteza muda wao. Yule aliyesikia kila kitu na hakuna kilichobaki ndani yake, nadhani atapata mahali pa kuanzia, iwapo ataweza kuvumilia zile dakika 55.

Waandaaji wameniambia awamu nyingine itaanza mvua za vuli zikikaribia, na kwamba bwana shamba ni yuleyule. Nimeshalipa. Samadi nitakwenda na yangu, gunia moja, imelala nyuma ya nyumba tangu Juni.